Hotuba ya Fundi Rangi

Mara ya kwanza fundi rangi aliposimama kufundishwa kuhutubia, alisimama mbele ya ukuta alioupaka mwenyewe asubuhi ile, na ulikuwa bado mbichi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya chumba kitupu, mguu juu ya mguu, suti yake ya kazi ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko mapajani. Shemeji alikuwa mshereheshaji wa harusi. Watu walimwita MC, hata mama yake mzazi.

"Haya, anza," MC alisema. "Mimi ndiye kamati."

Fundi alikohoa. "Mimi ni baba yake Chiriku. Mtoto wetu ni kiziwi. Tunaomba ile nafasi."

MC alisubiri. Fundi naye alisubiri.

"Imekwisha?"

"Si ndilo tunaloomba?"

"Shemeji, hata mtu anayekwenda kwa jirani kuazima kibiriti huanza na habari za asubuhi."

Fundi akacheka kidogo, akafuta mikono yake kwenye suruali ingawa ilikuwa imekauka. Alijijua. Kwa kuta alikuwa bingwa. Kwa watu alikuwa domo zege. Alipokwenda kuposa, baba yake mdogo ndiye aliyesema kila kitu, yeye akabaki kuitikia kwa kichwa. Lakini safari hii hapakuwa na baba mdogo wa kumsemea. Shule ya watoto viziwi ilikuwa imebakiwa na nafasi moja kwa mwaka ule, na wazazi watatu walikuwa wameitwa waje wajieleze mbele ya kamati, ukumbini, wazazi wote wakisikia, ili baadaye asije mtu kusema kuna upendeleo. Chiriku alikuwa anakaribia kupita umri wa kupokewa. Mwaka ujao wangeambiwa wamechelewa.

"Usishike suruali," MC alisema. "Mikono iache ikae. Mtazame mtu mmoja, umalize sentensi naye, ndipo uhamie kwa mwingine. Na ukisema neno zito, nyamaza. Usiogope kimya. Kimya ni chako, wewe ndiye umekileta. Kisha punguza sauti. Watu wenyewe watainama kukufuata."

Walirudia mpaka mwanga ukaanza kupungua dirishani. Fundi alianza kuizoea sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta tupu. Haikuwa mbaya. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani.

"Sasa umebakiza kitu kimoja," MC alisema akiinuka, akipangusa makalio. "Hali ngumu, maisha magumu, kila mzazi atasema. Hayo hayamlizi mtu. Wape kitu kimoja kinachouma. Kile ambacho ukikikumbuka peke yako, koo linakaba."

Fundi aliokota brashi yake. Kitu kilimjia, akakisukuma kando.

"Sina," alisema.

"Kila nyumba inacho. Wala usiniambie mimi. Waambie wao."

Nyumbani kwao palikuwa na chumba kimoja na kibaraza kilichozibwa kwa mbao kikawa jiko. Mkewe alifanya kazi kwenye kiwanda cha mishumaa, kitengo cha kufungasha, na hata akioga vipi mikono yake ilinukia nta. Kwa siku za karibuni alikuwa akienda kazini na Chiriku, akimkalisha nyuma ya makasha, kwa sababu jirani aliyekuwa akimwangalia alikuwa amechoka. "Mtoto wako simwezi," jirani alikuwa amesema bila ubaya wowote. "Nikimwita haji, nikimkataza haelewi, nikimwacha anapotea." Msimamizi wa kiwanda naye alikwishamwona mtoto nyuma ya makasha, akasema kiwanda si mahali pa kulelea.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake akiwa mchanga, kwa vile alikuwa hanyamazi. Walipokuja kujua kwamba sauti zile zote yeye mwenyewe hakuzisikia, jina lilikuwa limekwishamganda.

Sasa alikuwa amesimama kwenye kiti, kiganja chake kidogo kikiwa kwenye koo la baba yake, anacheka. Fundi alikuwa akifanya mazoezi, na mtoto alipenda ule mtetemo.

"Umeanza kusimama kama kaka yangu," mkewe alisema. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mumewe, la pekee lisilo na doa la rangi. "Kifua mbele kama unatangaza keki."

"Nimeharibu?"

"Hujaharibu. Unapendeza." Aligeuza shati. "Nikikusikia naona kama tutaipata. Sijui kwa nini. Naona tu."

"Tutaipata."

"Ila usitie chumvi, Baba Chiriku. Kaka yangu chumvi yake haina kipimo. Kuna siku alimsifu bwana harusi mpaka bibi harusi akageuka kumtazama ahakikishe kama ndiye yeye."

Walicheka wote wawili. Chiriku, alipoona wanacheka, naye akacheka, akalihama koo la baba akashika shavu la mama. Fundi aliwatazama, na kile kitu kilichomjia kwenye chumba kitupu kikamjia tena. Alikunywa maji. Alijiambia kwamba hatakisema.

Ukumbi wa shule ulikuwa mrefu, una paa la mabati na madirisha yaliyowekwa juu. Kamati ilikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya upole, na pembeni yake aliketi mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba aliyekuwa akizungumza kwa mdomo na mikono kwa pamoja, hata pale alipokuwa akimwambia mtu asogeze kiti. Wazazi walijaa. Mkewe fundi alikaa safu za katikati, kichwani amejifunga kitambaa chake cha kutokea, Chiriku mapajani.

Aliyeanza alikuwa mwenye duka la vipuri, aliyesoma karatasi yake mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Akafuatia bibi mmoja aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike. Bibi hakwenda mbele. Alisimama palepale alipokuwa ameketi, akashika kiti cha mbele yake.

"Mjukuu wangu hasikii," alisema. "Mama yake hayupo. Mimi nimezeeka. Naomba asome."

Mwenyekiti alisubiri. "Una la kuongeza, bibi?"

"La kuongeza ni lipi, baba?"

Watu wawili watatu walicheka, si kwa kumdhihaki. Bibi akakaa. Mwenyekiti akaandika kitu kifupi.

Fundi alipoitwa, alikwenda mbele akiwa ameshika suruali. Lakini aliposhika ile nguzo ya kipaza sauti, mikono ikakumbuka pa kukaa. Alisalimia. Alimtazama mwenyekiti akamaliza naye sentensi, akahamia kwa mwalimu mkuu. Alieleza jina la Chiriku lilivyopatikana, ukumbi ukatabasamu. Alieleza jinsi wanavyomwita kwa kupiga sakafu kwa mguu, kwani mtikisiko anausikia kwa nyayo. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa ya kweli. Kisha akamwona mjumbe mmoja wa kamati akiziba mwayo kwa ngumi, na mwenyekiti akichungulia saa, na kalamu ya mwalimu mkuu imelala juu ya meza. Aliona ukumbi unamtoka. Aliiona nafasi inaondoka mbele ya macho yake, inakwenda kwa yule wa vipuri.

Akanyamaza. Akapunguza sauti.

"Kuna siku mke wangu alimwacha mtoto huyu."

Kalamu ya mwalimu mkuu iliinuka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku moja, baada ya kufukuzwa mahali pa tatu pa kumwacha mtoto, mkewe alimpeleka hospitali kubwa, akamkalisha kwenye benchi la wanaosubiri, akampa pakiti ya biskuti, akaondoka. Alifika getini. Pale getini aliegemea ukuta, akarudi. Mtoto alikuwa hajamaliza biskuti ya kwanza. Alimweleza mumewe kitandani usiku ule, akasema, "Hili hata Mungu nimemwambia kwa kunong'ona." Basi.

Ukumbini haikuwa hivyo. Ukumbini mvua ilinyesha. Wauguzi walipita na kupita, wagonjwa wakaisha mmoja mmoja, wafagizi wakaanza kupandisha viti juu ya meza, na mtoto amekaa tu, anatazama mlango, watu wanamwita kwa nyuma naye hageuki, mpaka jioni mama anarudi amelowa chapachapa. Fundi hakuwa amepanga mvua. Ilikuja yenyewe, na ilipokuja aliona wanawake wakipeleka leso machoni, na hakuweza kuizuia.

"Mke wangu si mtu mbaya," alimalizia, taratibu kabisa. "Mke wangu amechoka. Mtoto huyu asipopata nafasi leo, mimi sijui kama siku nyingine mama yake atarudi."

Kilipita kimya ambacho kilikuwa chake, yeye ndiye aliyekileta. Kisha makofi. Yalipigwa makofi ambayo hajawahi kupigiwa katika maisha yake, na alisimama ndani yake kama mtu aliyesimama kwenye jua baada ya baridi. Ndipo akamtafuta mkewe.

Alikuwa analia pamoja na wengine, leso machoni, mabega yanatikisika. Kisha mmoja akafuata macho ya fundi, akageuka kumtazama, na mwingine, safu nzima ya mbele ikageuka, na yule aliyekuwa amekaa kando yake akasogea kidogo na kiti chake. Mkewe aliishusha leso. Chiriku, mapajani, alikuwa anapiga makofi kwa nguvu zote, kwa kuwa aliona watu wote wanapiga.

Nafasi walipewa wao. Mwenyekiti alitangaza palepale. Fundi alishikwa mikono na watu asiowajua, mwenye duka la vipuri akamwambia, "Umetushinda kihalali," na alipojinasua na kutoka nje, mkewe alikuwa amekwishafika mbali barabarani, mtoto mgongoni.

Nyumbani alimkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, hajavua viatu.

"Ile mvua uliitoa wapi?" mkewe aliuliza.

Fundi alibaki mlangoni.

"Nakuuliza. Siku ile palikuwa na jua. Nilimvalisha kofia."

"Ilinitoka tu. Mama Chiriku, tumeipata nafasi."

"Nimesikia. Nilikuwepo." Alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi kama hajui pa kukiweka. "Ulisema vizuri sana. Unajua? Nilimlilia yule mtoto. Nilikuwa nalia na kumchukia mama yake, nasema moyoni, mwanamke gani huyu. Kisha wakageuka, nikakumbuka kwamba ni mimi."

MC alikuja jioni ile na soda, anapiga mluzi tangu kona. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba ukumbi mzima ulitoa machozi. "Yuko wapi mwanafunzi wangu?" alisema akiingia, akakuta watu wamekaa kama kwenye msiba. Dada yake hakumjibu salamu. Fundi ndiye aliyemweleza, kwa kifupi, nje, karibu na pipa la maji.

MC alisikiliza. Tabasamu lake la kazi lilichukua muda kuondoka usoni, kama kitu kilichobandikwa.

"Nilikwambia useme kitu kinachokuuma wewe," alisema mwishoni. "Huyo ni dada yangu."

"Hukuniambia kiwe cha nani."

"Nilidhani hilo halihitaji kufundishwa." Aliweka soda chini, akaondoka bila kurudi ndani kuaga.

Kiwandani habari zilifika kesho yake. Hakuna aliyemtukana mke wa fundi. Wanawake wa kufungasha walimsalimia zaidi kuliko zamani, kwa ile sauti ya kumsalimia mgonjwa, na wale waliozoea kumwambia awashikie watoto wao langoni wakati wakichukua mshahara sasa walishikiana wenyewe kwa wenyewe. Msimamizi alimwuliza, bila kumtazama, kama ni kweli. Akajibu kwamba mumewe ndiye aliyesema, akamwulize yeye.

Chiriku alikuwa amekwishaanza shule pale afisa wa ustawi wa jamii alipobisha hodi. Alikuwa kijana mwenye adabu, amebeba begi la kitambaa. Alikataa chai. Alikaa kwenye kiti walichompa, akatazama kitanda, pazia, jiko la kibarazani, na sare ya shule iliyoanikwa, inachuruzika maji.

"Mtu aliyekuwepo kwenye kikao aliripoti," alisema. "Ni utaratibu tu, msishtuke. Lakini lazima nifuatilie. Baba, inasemekana ulitamka kwamba hujui kama mama siku nyingine atarudi."

"Nilitia chumvi," fundi alisema haraka.

"Sehemu ipi?"

"Mvua. Na jioni. Hakukaa mpaka jioni. Na wale wafagizi." Alijisikia anababaika, sauti yake imerudi kuwa ile ya zamani, ya kutafuta maneno mfukoni. "Na hilo la kurudi. Mke wangu hawezi. Mimi nilisema ili… Walikuwa wanapiga miayo."

Afisa aliweka kalamu chini. Hakuwa na hasira. Pengine angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Baba, nikuelewe vipi? Kama ulisema kweli, nina mama aliyemwacha mtoto kiziwi hospitali kutwa nzima, na mume anayesema anaweza kurudia. Kama hukusema kweli, basi kamati imedanganywa, na itabidi niwaarifu, nafasi waipange upya. Kuna familia nyingine zilisikilizwa siku ile. Mimi siwezi kuandika vyote viwili."

Fundi alifungua mdomo. Kwa muda wote aliofundishwa, hakuna aliyemwambia mtu afanyeje akifika hapa. Alimtazama afisa, akamaliza naye kimya, hakuwa na pa kuhamia.

"Andika ni kweli," mkewe alisema.

Alikuwa amesimama kando ya sare, anaikamua pindo ingawa haikuhitaji kukamuliwa tena.

"Mama Chiriku…"

"Andika ni kweli, kaka. Nilimwacha. Nilirudi jioni."

"Na mvua?" afisa aliuliza kwa upole.

"Na mvua. Iandike."

Afisa aliandika. Fundi alisikia kalamu inavyokwenda kwenye karatasi, na alitaka kusema kitu, na alijua kwamba kitu chochote atakachosema kitamwondoa Chiriku darasani. Kwa hiyo alinyamaza. Kimya hiki hakikuwa chake.

Afisa alieleza kwamba hatakuwa na haja ya kumwondoa mtoto nyumbani, hali anaiona si mbaya. Ila angekuja kila baada ya muda, bila kutoa taarifa. Na mpaka ofisi itakaporidhika, mama asitembee peke yake na mtoto. Awepo mtu mzima mwingine. Aliposimama aliwashukuru kwa ushirikiano.

"Asante kwa kuja," mkewe alimwambia, akamfungulia mlango.

Basi kila asubuhi wakawa wanakwenda watatu. Mkewe na Chiriku walitangulia, fundi akafuata nyuma na ndoo yake ya brashi. Majirani walijua kwa nini. Mwenye kibanda cha kuchaji simu aliwahi kumwuliza fundi, "Unawasindikiza au unawalinda?" akadhani amefanya utani. Mkewe hakugeuka.

Hakumnunia kwa namna inayoonekana. Alipika, alifua, alimwambia sabuni imekwisha. Jambo jingine lolote hakumwambia. Kwenye mafunzo ya wazazi pale shuleni alijifunza alama haraka kuliko wote, na Chiriku alikuwa akirudi na mpya kila siku, akiwa amekwishakoma kurusha vitu alipotaka kitu. Alikuwa na alama ya maji, ya njaa, ya mwalimu, ya hapana. Alama ya hapana aliipenda mno. Fundi aliona kwa macho yake kwamba mtoto ameokoka, na kwamba aliyemwokoa ni yeye, na hapakuwa na mtu wa kumwambia jambo hilo.

Siku moja mwalimu mkuu alimwita ofisini. Wageni wafadhili walikuwa wanakuja, alisema, na shule ilikuwa inaomba darasa la pili. Yule bibi bado alikuwa anakuja mara kwa mara kuulizia, anakaa kwenye ngazi na mjukuu wake. Darasa likipatikana, mtoto yule ataingia.

"Tunataka wewe uzungumze, baba. Kama siku ile. Ukisema kama siku ile, nina hakika tutapata."

"Mwalimu, siku ile," fundi alianza, "ile habari sikuisema ilivyo…"

Mwalimu mkuu aliinua mkono, kiganja kimemtazama. Ilikuwa alama ya hapana, na fundi aliijua.

"Usiniambie. Mtoto wako amepangwa, anajifunza. Nikisikia, sitaweza kujifanya sikusikia. Nenda ukajiandae."

Fundi alimpelekea mkewe habari hizo zote, hata ile ya mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumwambia jambo refu. Mkewe alikuwa anachambua maharage kwenye sinia, Chiriku akimsaidia kwa kuyatupa mazuri pamoja na mabovu.

"Mjukuu wa yule bibi ataingia?" mkewe aliuliza.

"Ndivyo alivyosema. Darasa likipatikana."

"Basi nenda."

"Niende nikaseme nini? Sitakutaja tena. Nimeapa. Na bila hilo sina cha kusema."

"Unacho." Hakuinua macho kwenye sinia. "Usiku ule nilipokwambia nilivyomwacha benchi, nikakwambia nilifika getini nikarudi. Wewe ulinijibu nini?"

Fundi aliokota harage lililoanguka sakafuni.

"Mvua umeikumbuka, na haikuwepo. Hilo hulikumbuki?"

"Nalikumbuka."

"Ulinijibu nini, Baba Chiriku?"

Sauti yake ilitoka ndogo, ile ya mbele ya ukuta mbichi. "Nilikuuliza kwa nini umerudi."

"Uliniuliza kwa nini nimerudi. Kisha ukageukia ukutani, ukalala. Mimi nilikaa mpaka asubuhi." Aliokota jiwe dogo kati ya maharage, akaliweka pembeni. "Kaliseme hilo. Tuone kama watapiga makofi."

Wageni walikuja na magari safi, wakapewa viti vya mbele. Watoto walifanya mchezo wa kuigiza kwa mikono, wageni wakapiga picha. Fundi alipoitwa alikwenda mbele na lile shati lake jeupe. Mwalimu mkuu alimtabasamia. Yule bibi alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mjukuu wake ameegemea goti lake. Mkewe alikuwa katikati, palepale pa siku ile.

Fundi alisalimia. Akasema ana mtoto ambaye hasikii. Akasema watu wa hapa wamekwishasikia kutoka kwake habari ya mama wa mtoto huyo, na kwamba hatairudia, kwa sababu haikuwa yake kuisema. Akashika suruali. Akasema kwamba mama huyo aliwahi kufika mwisho wa nguvu zake, na akarudi kwa mtoto, na akaja kwa mumewe akamwambia; na mumewe, ambaye ndiye huyu mnayemwona, alimwuliza kwa nini amerudi.

Alitaka kuendelea. Alikuwa amepanga kusema kuhusu darasa, na kuhusu wazazi wasio na pa kumpeleka mtoto. Maneno hayakuja. Alisimama na kipaza sauti kikivuma, akiwatazama wageni, nao hawakujua waelekeze macho wapi. Mgeni mmoja aliinama kumwuliza mwenzake jambo. Mwingine akatazama simu.

"Ni hayo," fundi alisema, akarudi kukaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu alichukua kipaza sauti haraka, akashukuru, akawakaribisha wageni kwenye vinywaji. Kabla ya kuondoka wageni waliacha makasha ya madaftari na mipira ya kuchezea. Kuhusu darasa walisema watalifikiria, na hawakuandika popote. Yule bibi alikuwa amekwishaondoka na mjukuu wake. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Fundi alitoka nje akasubiri kwenye kivuli cha ukuta, mbali kidogo, kama alivyozoea, ili wao watangulie. Mkewe alitoka amemshika Chiriku mkono. Alifika alipo, akasimama. Hakutangulia.

Walitembea watatu barabarani, kwa mara ya kwanza sambamba, mpaka wakapita kibanda cha kuchaji simu.

"Ulikuwa unatetemeka," mkewe alisema.

"Ndiyo."

"Siku ile hukutetemeka."

Alimhamishia Chiriku upande wa ndani wa barabara, mbali na magari, wakaendelea kwenda.